Shaba ya Pwani na Shaba ya Katanga: Historia ya Neno na ya Maada Yake

Utangulizi

Neno shaba ni miongoni mwa maneno ambayo kila msemaji wa Kiswahili hudhani anayajua barabara. Sinia la kahawa ni la shaba. Nyaya za umeme ni za shaba. Mwanariadha anayeshika nafasi ya tatu hupewa nishani ya shaba. Hata hivyo, vitu hivyo vitatu vikiwekwa mbele ya mwalimu wa kemia, atasema mara moja kwamba havikufanywa kwa kitu kimoja. Sinia ni mchanganyiko wa shaba na zinki. Waya ni shaba yenyewe, ikiwa karibu safi kabisa. Nishani, kwa mujibu wa jina lake katika lugha za Ulaya, ni mchanganyiko wa shaba na bati. Kiswahili kimevifunika vyote kwa neno moja.

Wako wanaouchukua mkanganyiko huu kuwa ushahidi kwamba Kiswahili, na lugha za Kibantu kwa jumla, hazikuwa na ujuzi wa maada na mageuzi yake, na kwamba ujuzi huo ulikuja na shule. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba hoja hiyo haina msingi. Ujuzi ulikuwako, tena ulikuwa mkubwa. Kilichotokea ni kwamba walioijua shaba motoni na walioipa jina la Kiswahili walikuwa watu mbalimbali, waliokaa mbali sana wao kwa wao. Ili jambo hili lidhihirike, itabidi kwanza kulichunguza neno, kisha kuitazama maada yenyewe katika hali zake, na hatimaye kuifuata historia yake katika nchi ya Katanga, ambako neno na maada vilikutana.

Asili ya jina

Kiswahili kimelipata neno shaba kutoka katika neno la Kiarabu shabah. Kwa Waarabu, neno hilo halikuwa jina la shaba nyekundu ichimbwayo ardhini. Hiyo huitwa nuhas. Shabah ilikuwa shaba iliyogeuzwa rangi ikawa ya manjano, nalo jina lenyewe linahusiana na maana ya kufanana, kwa kuwa kitu hicho kilifanana na dhahabu. Kwa hiyo neno tunalolitumia leo kwa elementi lilikuwa hapo awali jina la mchanganyiko, tena jina lililotokana na sura yake sokoni wala si na asili yake mgodini.

Mfano wa pili ni neno sufuria. Hakuna jiko la Afrika Mashariki lisilokuwa na sufuria, na kwa kawaida sufuria za siku hizi ni za alumini. Lakini neno lenyewe linatokana na Kiarabu sufr, yaani shaba ya manjano, neno ambalo ni ndugu wa asfar, rangi ya manjano. Chombo kilipewa jina la madini yake, kisha madini yakabadilika na jina likabaki.

Mifano hii miwili inafundisha jambo moja. Watu wa pwani waliipokea shaba ikiwa tayari ni bidhaa. Iliwafikia kwa majahazi ikiwa masinia, mabuli, birika na vinara, na zaidi ya yote ikiwa nyuzi. Richard Burton, aliyepita njia ya misafara kutoka pwani hadi Ziwa Tanganyika katika miaka ya 1857 hadi 1859, aliziorodhesha nyuzi nene ziitwazo masango pamoja na nguo na shanga kuwa ndiyo mali iliyotumika badala ya fedha katika safari za bara. Kwa mfanyabiashara wa Bagamoyo, tofauti iliyokuwa na maana ni ile ya unene wa uzi, urefu wake na rangi yake. Kama ndani ya uzi huo mlikuwa na zinki au hamkuwa nayo, hilo halikumhusu.

Pwani haikukosa mafundi wake. Siwa ya Lamu, iliyohifadhiwa katika jumba la makumbusho la mji huo, ilisubiwa kwa njia ya nta: umbo lilifinyangwa kwa nta, likafunikwa kwa udongo, udongo ukatiwa moto hata nta ikayeyuka na kutoka, kisha aloi ya shaba iliyoyeyushwa ikamiminwa mahali pa nta. Kazi kama hiyo haifanywi na mtu asiyejua tabia za maada. Lakini hata fundi wa siwa alianza kazi na shaba iliyokwisha kutengwa na jiwe lake. Kulitoa jiwe shaba ni kazi nyingine.

Shaba na hali zake tatu

Shaba ni elementi ya 29 katika jedwali la elementi, na alama yake ni Cu. Ilivyo duniani, ina atomi za aina mbili: karibu asilimia 69 zina uzito wa 63, na zilizobaki uzito wa 65. Katika hali ya kawaida ni mango, nyekundu, laini kiasi cha kufulika bila kuvunjika na kuvutwa ikawa uzi. Sentimita moja ya ujazo ina uzito wa karibu gramu 9. Ikifikia nyuzijoto 1,085 za Selsiasi huyeyuka ikawa kiowevu. Na ikiwa haina budi kuwa gesi, lazima ipashwe hadi nyuzi 2,562 hivi.

Takwimu hizi si za kupamba makala. Ndizo zinazoieleza historia. Chuma huyeyuka kwenye nyuzi 1,538, joto ambalo matanuri ya kale ya Afrika ya Mashariki na Kati hayakulifikia kwa kawaida. Kwa hiyo mhunzi wa chuma hakukiona chuma chake kikitiririka. Alipata bonge lililochanganyika na mavi ya chuma, akalipiga nyundo hata takataka zikatoka. Shaba ni kinyume chake. Nyuzi 1,085 zinafikiwa na makaa mema ya mti na mivukuto inayovuviwa bila kukoma. Shaba ilitiririka kama maji, ikajaza kalibu, ikaganda kwa umbo la kalibu hiyo.

Tofauti hiyo imeacha alama katika Kiswahili. Kitenzi cha kazi ya chuma ni kufua, nacho ni cha Kibantu, kilichoenea katika lugha nyingi za jamii hiyo. Kitenzi cha kumimina madini katika umbo ni kusubu, na chombo chake ni kalibu. Maneno yote mawili yana asili ya Kiarabu. Msomaji wa haraka angesema basi kwamba Waafrika walijua kufua lakini wakafundishwa kusubu na wageni. Kauli hiyo ingekuwa kweli kuhusu Kiswahili cha pwani pekee. Kuhusu Afrika ni kosa, kwa maana shaba ilikuwa ikimiminwa katika kalibu huko bara karne nyingi kabla ya misafara ya pwani kufika huko. Maneno ya kazi hiyo yalikuwako katika lugha za waliokuwa wakiifanya, nazo hazikuwa Kiswahili.

Hali ya tatu, yaani gesi, ndiyo inayosahauliwa, ingawa inaeleza kwa nini pwani ilikuwa na shaba ya manjano na Katanga ilikuwa na shaba nyekundu. Zinki huchemka kwenye nyuzi 907, chini ya joto linaloyeyusha shaba. Mtu akiyeyusha zinki pamoja na shaba katika moto wa wazi, sehemu kubwa ya zinki hupaa ikapotea hewani. Mafundi wa zamani wa Asia na Ulaya waliitatua shida hiyo kwa kufungia shaba, makaa na mawe yenye zinki katika chungu kilichozibwa, hata mvuke wa zinki ukaingia ndani ya shaba. Ilikuwa kazi ya pekee, iliyohitaji mawe ya pekee. Wayeyushaji wa Katanga walifanya kazi na mbale za kijani zilizowapa shaba nyekundu. Ndiyo sababu watu wa pwani, waliopokea bidhaa za ng'ambo, waliitambua shaba kwanza kwa rangi ya manjano, na watu wa bara kwa rangi nyekundu.

Wayeyushaji wa Katanga

Ukanda wa shaba unaanzia Kolwezi, katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ukapita Likasi na Lubumbashi hadi kuingia kaskazini mwa Zambia. Mahali penye shaba nyingi karibu na uso wa ardhi, miti haistawi. Vilima huwa vitupu, vimeota majani na maua machache yanayostahimili sumu ya shaba. Waliotafuta mbale walizijua dalili hizo, wakavitambua vilima hivyo kwa mbali.

Wataalamu wa mambo ya kale wameonyesha kwamba shaba iliyeyushwa katika ukanda huo tangu nusu ya kwanza ya milenia ya kwanza ya miaka yetu. Ushahidi mkubwa zaidi, hata hivyo, haukutoka machimboni bali makaburini. Huko Sanga, kando ya Ziwa Kisale katika bonde la Upemba, mbali kaskazini mwa machimbo, uchimbaji ulioanza mwaka 1957 na kuendelezwa na Pierre de Maret katika miaka ya 1970 ulifunua makaburi mengi ya tangu karne ya 8 na kuendelea. Ndani yake mlikuwa na mapambo ya shaba yaliyofanywa kwa ustadi mkubwa: mikufu, vikuku, mishipi ya nyuzi zilizosokotwa. Katika makaburi ya baadaye, hasa tangu karne ya 14, ilionekana misalaba ya shaba. Mwanzoni ilikuwa mikubwa na michache, ikiwekwa juu ya kifua cha maiti. Kadiri karne zilivyopita ikawa midogo, mingi na ya vipimo vinavyokaribiana, ikikusanywa karibu na mikono au kiuno. Mabadiliko hayo yamefasiriwa kuwa dalili ya fedha: kitu kilichokuwa cha heshima kikawa cha kuhesabiwa. Ikumbukwe kwamba umbo hilo la msalaba halina uhusiano wowote na dini ya Kikristo.

Jinsi kazi ilivyofanywa inajulikana kwa maelezo kadhaa, mashuhuri kati yake yakiwa yale ya Jean-Félix de Hemptinne, mmisionari wa Kibenediktini, yaliyochapishwa mwaka 1926 chini ya jina linalomaanisha "Walaji shaba wa Katanga". Kazi ilifanywa wakati wa kiangazi, baada ya mavuno, wakati watu walipokuwa na nafasi na ardhi ilipokuwa kavu. Mbale za kijani, yaani malakiti, zilichimbwa na kuchambuliwa. Makaa yalichomwa kwa wingi. Tanuri lilijengwa kwa udongo wa kichuguu, ambao hustahimili moto. Mivukuto ilikuwa ya ngozi za wanyama. Yote yalisimamiwa na fundi mkuu, ambaye alijua dawa na miiko kama alivyojua moto.

Kinachotokea ndani ya tanuri kinastahili kuelezwa. Malakiti ni shaba iliyofungamana na kaboni, oksijeni na hidrojeni. Ikipata moto wa kiasi hutoa maji na gesi ya kaboni, ikageuka kuwa unga mweusi wa oksidi ya shaba. Makaa yanayoungua kwa hewa chache hutoa gesi ya monoksidi ya kaboni, na gesi hiyo huitwaa oksijeni iliyomo katika unga, ikaiacha shaba peke yake. Moto ukizidi nyuzi 1,085, shaba hiyo huyeyuka na kukusanyika chini ya tanuri. Mango, gesi na kiowevu hukutana hapo katika kazi moja, na fundi hana budi kuvitawala vyote vitatu kwa wakati mmoja. Hewa ikizidi, shaba haitatengana na jiwe; ikipungua, moto hautatosha. Fundi hakuwa na kipimajoto. Alikuwa na jicho lake, rangi ya moto, sauti ya mivukuto, na mafunzo aliyoyarithi. Kuuita ujuzi huo ushirikina kwa sababu ulifuatana na miiko ni kuacha kuuangalia ulichozaa.

Thamani ya zao hilo ilikuwa kubwa. Eugenia Herbert, katika kitabu chake cha mwaka 1984 kuhusu shaba katika historia ya Afrika, ameonyesha kwamba katika sehemu nyingi za kusini mwa Sahara shaba ilitukuzwa kuliko dhahabu yenyewe. Wekundu wake, mng'aro wake na mlio wake viliifanya iwe alama ya ufalme na ya uhai.

Msiri na njia za misafara

Katika karne ya 19 shaba ya Katanga ilivutwa katika biashara ya bahari mbili. Aliyeivuta zaidi ya wote ni Ngelengwa, ajulikanaye kwa jina la Msiri, mwana wa Kalasa, mfanyabiashara wa Usumbwa katika magharibi ya Tanzania ya leo. Kalasa alikuwa akienda Katanga kutafuta shaba. Mwanawe alikwenda akakaa, na tangu miaka ya 1850 akajenga dola ya Wayeke, makao yake makuu yakiwa Bunkeya. Misafara yake ilielekea mashariki hadi pwani ya Bahari ya Hindi na magharibi hadi Benguela, ikichukua shaba, pembe, chumvi na watumwa, ikirudi na bunduki, baruti na nguo. Utawala wake ulikuwa wa nguvu na wa kuumiza, na wenyeji wa Katanga, hasa Wasanga, waliuasi katika miaka yake ya mwisho.

Wayeke walisifika kwa ufundi wa kuvuta nyuzi za shaba. Hapa ndipo neno la pwani lilipoikuta maada ya bara: wafanyabiashara wenye Kiswahili walioizoea shaba ya manjano waliiita shaba nyekundu ya Katanga kwa jina lile lile. Katika Kibemba, lugha ya majirani wa kusini, shaba ni mukuba, neno lisilodai kufanana na dhahabu. Lakini mukuba halikusafiri na misafara. Shaba ndilo lililosafiri.

Utajiri huo uliwavuta wengine. Tarehe 20 Desemba 1891, Msiri aliuawa kwa risasi huko Bunkeya na Omer Bodson, ofisa wa msafara wa William Stairs uliotumwa kwa niaba ya Mfalme Leopold II, na Bodson naye akauawa. Wapagazi wa msafara huo walikuwa wameajiriwa pwani ya Unguja. Kiswahili, kilichokuwa kimefika Katanga na wafanyabiashara, sasa kilifika na watekaji.

Kampuni na lugha ya mgodi

Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906. Reli kutoka kusini ilifika Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, mwaka 1910, na mwaka 1911 tanuri la kwanza la kisasa likatoa shaba. Tangu hapo wale waliokuwa wayeyushaji kwa haki yao wakawa vibarua. Tanuri la kichuguu halikushindwa kwa sababu halikutoa shaba nzuri. Lilishindwa kwa sababu vilima vilikuwa vimepata mwenyewe mpya.

Hudhaniwa mara nyingi kwamba Kiswahili cha Katanga kilienea chenyewe kutoka kwa misafara hadi migodini. Johannes Fabian, katika utafiti wake wa mwaka 1986, ameonyesha kwamba mambo hayakuwa mepesi hivyo. Katika miaka ya mwanzo, wafanyakazi wengi na wasimamizi walitoka kusini, pamoja na lugha zao za kazi. Kiswahili kilipata nguvu baada ya Vita Kuu ya Kwanza, wakati utawala na kampuni zilipoazimia kupunguza mvuto wa Waingereza wa kusini na kuajiri wafanyakazi kutoka sehemu nyingine za Kongo na kutoka Rwanda na Burundi. Lugha hiyo ilichaguliwa kuwa ya amri. Wafanyakazi waliigeuza ikawa ya nyumba, ya soko na ya malalamiko. Katika mgomo wa Desemba 1941 wafanyakazi waliodai nyongeza ya mishahara walipigwa risasi mjini humo. Na mwaka 1965 André Yav aliiandika kwa Kiswahili cha hapo historia ya mji wa Elisabethville kama watumishi wa nyumbani walivyoijua. Maandishi hayo yalichapishwa na kufafanuliwa mwaka 1990.

Jina la shaba lilipanda hadi kileleni mwaka 1971, serikali ya Mobutu ilipoliondoa jina la Katanga, lililokuwa limechafuliwa machoni pake na jaribio la kujitenga la miaka ya 1960 hadi 1963, na kuuita mkoa mzima Shaba. Neno la Kiarabu lililokuwa jina la kitu kifananacho na dhahabu likawa jina la nchi yenye shaba halisi. Likadumu hadi mwaka 1997, jina la Katanga liliporudishwa.

Shaba katika vitabu vya shule

Yafaa sasa kurudi kwa mwanafunzi aliyeanza na sinia, waya na nishani. Akisoma katika kitabu kimoja kwamba shaba ni elementi, na katika kingine kwamba shaba hufanywa kwa kuchanganya madini mawili, atakuwa na haki ya kuuliza ni kipi cha kweli. Kosa hilo si dogo, kwa sababu anayelipokea huondoka akiamini kwamba sayansi haikai katika lugha yake.

Dawa yake haipo mbali. Mafundi wamekuwa wakisema shaba nyekundu na shaba ya manjano. Istilahi za sayansi zingeweza kuifuata desturi hiyo: neno shaba peke yake liachiwe elementi, shaba ya manjano iwe aloi yenye zinki, na ile yenye bati iitwe waziwazi aloi ya shaba na bati. Vivyo hivyo kuhusu hali za maada: mango na yabisi, kiowevu na kimiminiko, yote yanatumika, na kinachodaiwa ni kitabu kimoja kushika neno moja toka mwanzo hadi mwisho. Vitenzi havina shida yoyote. Yeyuka, ganda, chemka na fuka vilikuwa tayari katika Kiswahili kabla ya kitabu cha kwanza cha kemia.

Hitimisho

Historia ya shaba inaonyesha kwamba upungufu wa neno haumaanishi upungufu wa ujuzi. Pwani ilikuwa na jina, Katanga ilikuwa na moto, na biashara ikavikutanisha kwa namna iliyolikuza jina na kuuacha moto nyuma. Leo Kongo ni miongoni mwa nchi zinazoongoza duniani kwa kutoa shaba, na Kiswahili ndicho lugha ya mitaa inayoizunguka migodi hiyo. Kwa hiyo kuiandika kemia ya shaba kwa Kiswahili kilicho sahihi ni kulipa deni. Wenye kudai ni wale waliokaa kiangazi kizima mbele ya tanuri la kichuguu, wakingoja jiwe la kijani litiririke jekundu.